Kadi ya kumbukumbu ya kamera

Kadi ya kumbukumbu (pia: memori kadi, au kwa kifupi memori) ni kifaa kidogo cha kielektroniki kinachohifadhi picha, video, sauti na data nyingine ndani ya kamera ya dijitali, simu au kinasa sauti. Haina sehemu inayozunguka wala kusogea, na data hubaki ndani yake hata umeme ukikatika. Katika upigaji picha imechukua nafasi ya mkanda wa filamu.

Kadi ya kuaminika ni ile inayotimiza mambo matatu: ina ukubwa ulioandikwa juu yake, inaandika kwa kasi inayotakiwa na kamera, na kilichoandikwa kinasomeka tena bila kubadilika. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kwa macho. Kwa sababu hiyo, katika masoko yenye bidhaa nyingi za bandia, kama yale ya Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, njia ya uhakika ya kuitambua kadi nzuri ni kuijaza na kuisoma upya kabla ya kuipeleka kazini.

== Kutoka mkanda hadi kadi ==

Hadi miaka ya 1990 wapigapicha wa Afrika Mashariki walitumia mkanda wa filamu, mara nyingi wa picha 24 au 36. Mkanda ulipelekwa studio kusafishwa, na baada ya picha kuchapwa, negativu zilibaki. Mteja aliyepoteza picha aliweza kurudi studio miaka kadhaa baadaye na kuomba ichapwe nyingine. Kadi ya kumbukumbu haina negativu. Kadi ileile hufutwa na kutumika tena wiki inayofuata, na kama picha hazikunakiliwa mahali pengine, hakuna pa kurudi.

Teknolojia ya kumbukumbu ya flashi ilibuniwa na mhandisi Mjapani Fujio Masuoka akiwa katika kampuni ya Toshiba. Alitangaza aina ya kwanza mwaka 1984, na aina ya NAND, ambayo ndiyo inayotumika katika kadi za leo, mwaka 1987.

Kadi za kwanza zilizoenea katika kamera zilikuwa CompactFlash ya kampuni ya SanDisk (1994) na SmartMedia ya Toshiba (1995). Sony ilileta Memory Stick mwaka 1998, na Olympus pamoja na Fujifilm wakaleta xD mwaka 2002. Kamera tofauti zilitumia kadi za aina tofauti, na kadi ya aina moja haikuingia katika tundu la aina nyingine.

Mwaka 1999 kampuni za SanDisk, Panasonic na Toshiba zilitangaza kadi ya SD, na mwaka 2000 zikaanzisha shirika la kusimamia viwango vyake. SD ndiyo iliyoshinda ushindani huo. Ndugu yake mdogo, microSD, alizaliwa katikati ya miaka ya 2000 kwa ajili ya simu. Kadi za kamera za gharama kubwa siku hizi ni pamoja na XQD na CFexpress.

== Muundo ==

Ndani ya kadi kuna sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni chipu ya flashi, yenye mabilioni ya vyumba vidogo vinavyoshika chaji ya umeme. Ya pili ni chipu ya udhibiti, ambayo ni kompyuta ndogo kamili. Chipu hii hupokea maagizo ya kamera, huamua data iandikwe wapi, husahihisha makosa na huviacha vyumba vilivyochakaa.

Chumba kimoja kinaweza kushika biti 1, 2, 3 au 4. Kadri biti zinavyoongezeka, kadi huwa kubwa na ya bei nafuu, lakini vyumba huchakaa mapema zaidi kwa kuandikwa na kufutwa. Kadi yoyote ya flashi ina idadi fulani ya mara inazoweza kuandikwa. Hakuna kadi ya milele. Pia chaji huvuja polepole kwa miaka, hivyo kadi iliyofungiwa kabatini si mahali pa kutunzia kumbukumbu za ukoo.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kamera haihesabu vyumba vya chipu. Huuliza chipu ya udhibiti, "Una ukubwa gani?" na kuamini jibu. Hapo ndipo udanganyifu unapoingilia.

== Aina na ukubwa ==

Kadi ya SD ya kawaida ina urefu wa milimita 32, upana wa milimita 24 na unene wa milimita 2.1. Ya microSD ina milimita 15 kwa 11, na unene wa milimita 1. Kadi ya microSD huweza kuingia katika kamera ya SD kwa kutumia adapta.

Kadi za SD zimegawanywa kwa ukubwa:

* SD: hadi gigabaiti 2
* SDHC (2006): zaidi ya gigabaiti 2 hadi 32
* SDXC (2009): zaidi ya gigabaiti 32 hadi terabaiti 2
* SDUC (2018): zaidi ya terabaiti 2 hadi 128

Kwa umbo zinafanana, lakini kamera ya zamani haisomi kadi ya kizazi cha baadaye. Kamera iliyotengenezwa kabla ya 2006 kwa kawaida hukataa SDHC. Jambo hili ni muhimu kwa mnunuzi wa kamera ya mtumba: kabla ya kulipa, inafaa kufungua kifuniko cha kadi na kuangalia alama iliyopo. Kamera yenye tundu la xD, SmartMedia au Memory Stick inaweza kuwa nzima kabisa, lakini kadi yake ikawa haipatikani tena madukani.

Mgawanyo huu pia ni kipimo cha kwanza cha ukweli. Kadi yenye alama ya SDHC huku imeandikwa gigabaiti 64 inajipinga yenyewe, kwa sababu SDHC inaishia gigabaiti 32.

Ukubwa unaoonyeshwa na kompyuta huwa pungufu kidogo kuliko ulioandikwa. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni 1, ilhali kompyuta nyingi huhesabu kwa vipeo vya mbili. Hivyo kadi halali ya gigabaiti 32 huonekana kuwa na takriban 29.8, ya 64 takriban 59.6, na ya 128 takriban 119.2. Upungufu huo si wizi.

== Kasi ==

Kasi iliyochapwa kwa tarakimu kubwa juu ya kadi mara nyingi ni ya kusoma, yaani ya kuhamisha picha kwenda kwenye kompyuta. Kamera inahitaji zaidi kasi ya kuandika, na hasa kasi ya chini kabisa ambayo kadi haitashuka wakati video inarekodiwa. Kasi hiyo ya chini huonyeshwa kwa alama ndogo:

* C2, C4, C6 na C10: megabaiti 2, 4, 6 na 10 kwa sekunde. Tarakimu huandikwa ndani ya herufi C.
* U1 na U3: megabaiti 10 na 30 kwa sekunde. Tarakimu huandikwa ndani ya herufi U.
* V6, V10, V30, V60 na V90: megabaiti 6, 10, 30, 60 na 90 kwa sekunde.

Alama A1 na A2 zinahusu uendeshaji wa programu ndani ya simu. Si kigezo kikuu cha kuchagulia kadi ya kamera. Namba za Kirumi I, II na III zilizoko juu ya kadi huonyesha aina ya njia ya kupitishia data. Kadi ya II ina mstari wa pili wa vidole vya shaba nyuma yake. Ikiwekwa katika kamera ya I hufanya kazi, ila kwa kasi ya I tu.

Kasi inayohitajika inaweza kukokotolewa. Maelezo ya kamera hutaja video kwa megabiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde huandika megabaiti 12.5 kila sekunde. Kadi ya V30 inatosha kwa nafasi, lakini ya C10 haitoshi. Kwa saa moja video hiyo hujaza gigabaiti 45, hivyo kadi ya gigabaiti 64 hutosha kwa dakika 85 hivi. Anayerekodi sherehe ya saa nne anahitaji kadi tatu za namna hiyo, au kubwa zaidi.

Kwa picha za kawaida za JPEG, kasi haina uzito mkubwa. Huanza kuwa na uzito mpigapicha anapopiga mfululizo, kama katika mechi ya mpira, au anapotumia faili ghafi zinazoandikwa RAW kwenye kamera, ambazo ni kubwa mara kadhaa kuliko JPEG.

== Kadi bandia ==

Kadi bandia ziko za aina tatu.

Ya kwanza ni kadi yenye jina la kuazima. Chipu zake zinaweza kuwa na ukubwa ulioandikwa, lakini hazikutengenezwa na kampuni ambayo jina lake limechapwa. Huwa na kasi ndogo na muda mfupi wa kuishi.

Ya pili ni kadi ya chipu zilizokataliwa kiwandani au zilizong'olewa katika vifaa vilivyotumika, kisha zikavalishwa gamba jipya. Kadi ya namna hii hufanya kazi vizuri siku za mwanzo, halafu hufa ghafla.

Ya tatu, na ya hatari zaidi, ni kadi yenye ukubwa wa uongo. Programu ya chipu ya udhibiti hubadilishwa ili iseme ina gigabaiti 64 huku chipu ya flashi ikiwa na gigabaiti 8 tu. Mwezi Desemba 2013 watafiti Andrew Huang na Sean Cross walionyesha katika mkutano mjini Hamburg, Ujerumani, kwamba programu ya chipu za udhibiti za baadhi ya kadi inaweza kubadilishwa na mtu wa nje.

Kadi ya ukubwa wa uongo haitoi onyo. Gigabaiti 8 za kwanza huandikwa salama. Ikiwa kila picha ina megabaiti 8, hizo ni picha 1,000 hivi zisizo na kasoro. Baada ya hapo, data mpya ama hutupwa, ama huandikwa juu ya ile ya mwanzo. Kamera inaendelea kuhesabu picha, kioo chake kinaendelea kuonyesha nafasi tele, na majina ya faili yanaonekana yote, kwa kuwa orodha ya majina hukaa mwanzoni mwa kadi. Tatizo hujulikana nyumbani, faili zinapokataa kufunguka au picha inapoonekana nusu, na nusu iliyobaki ni rangi ya kijivu.

Ndiyo maana anayejaribu kadi dukani kwa kupiga picha mbili tatu hajajaribu chochote. Kadi ya uongo hufaulu mtihani huo kila mara. Huanguka pale inapojaa, na katika kazi ya mpigapicha siku ya kujaza kadi ndiyo siku ya harusi, ya kipaimara, ya mahafali au ya mazishi. Harusi haifungwi mara ya pili kwa sababu picha zimepotea.

== Soko la Kariakoo na Gerezani ==

Gerezani ni kata ya Wilaya ya Ilala, mkoani Dar es Salaam, inayopakana na Kariakoo. Kituo kikuu cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani, kilichoanza kutumika mwaka 2016, hushusha abiria wengi wanaokwenda kununua bidhaa Kariakoo. Mitaa ya eneo hilo ina maduka ya jumla na rejareja ya simu na vifaa vyake. Mtaa wa Aggrey ni miongoni mwa inayojulikana zaidi kwa biashara hiyo. Wanunuzi hutoka mikoani, na pia Kongo, Zambia, Malawi na Komori. Jijini Nairobi, biashara ya namna hiyo hupatikana Luthuli Avenue.

Mzigo mkubwa huagizwa kutoka China. Kadi hufika madukani kwa pakiti na kwa mafungu, kisha nyingine hupita kwa machinga wanaoziuza barabarani pamoja na chaja na vifuniko vya simu. Kadi ileile inaweza kupita mikononi mwa watu wanne au watano kabla ya kumfikia mtumiaji. Muuzaji wa mwisho mara nyingi hajui kilichomo kama vile mnunuzi asivyojua. Kuuziwa kadi mbovu hakumaanishi siku zote kwamba aliyeuza alikusudia kudanganya.

Wateja na wauzaji hutumia maneno mawili: "orijino" na "feki". Maneno hayo hayatoshi. Muuzaji anaweza kusema kadi ni orijino akimaanisha tu kwamba ni ya daraja la juu kati ya zilizopo mezani, na wakati mwingine huuliza, "Unataka orijino au ya kawaida?" Swali lenye jibu la kupimika ni hili: "Nikiipima nikakuta haijatimia, unanirudishia?" Muuzaji anayekubali kwa maandishi ameweka dhamana. Anayekataa naye amejibu.

Tahadhari nyingine zinazosaidia wakati wa kununua:

* Kununua katika duka lenye mahali pa kudumu, si kwa mpita njia, ili kuwe na pa kurudi.
* Kudai risiti ya EFD, na kuhakikisha jina la bidhaa na ukubwa wake vimeandikwa.
* Kutunza pakiti hadi kadi ipimwe.
* Kuangalia chapa: maandishi yaliyokosewa, herufi zinazofutika kwa kucha, au kadi kadhaa zenye namba moja ileile ya utambulisho ni dalili mbaya.
* Kulinganisha bei katika maduka kadhaa. Kadi ya ukubwa mkubwa inayouzwa kwa bei ya ndogo haina maelezo mema.
* Kutonunua siku ya kazi, bali siku kadhaa kabla, ili kupata muda wa kupima na kurudisha.

Pakiti nzuri si ushahidi. Pakiti ni rahisi kuigwa kuliko kadi yenyewe.

== Kupima kadi ==

Kipimo kamili kina hatua mbili: kujaza kadi yote kwa data inayojulikana, kisha kuisoma yote na kulinganisha. Programu mbili za bure zinazotumika sana ni H2testw, kwa kompyuta za Windows, na F3, iliyoandikwa na Michel Machado kwa Linux na Mac. Zote huandika faili hadi kadi ijae, halafu huzisoma na kutoa taarifa ya kiasi kilichosalimika na kilichopotea. Kadi ya uongo ya gigabaiti 64 yenye 8 za kweli huonekana wazi: 8 za kwanza ni salama, zilizobaki zimeharibika.

Kipimo kinachukua muda. Kwa kasi ya megabaiti 10 kwa sekunde, kujaza gigabaiti 64 huchukua dakika 107 hivi. Kuisoma kwa megabaiti 20 huchukua dakika 53. Kwa hiyo hakifanyiki ukiwa umesimama mbele ya meza ya duka. Hata hivyo kinafanyika usiku mmoja nyumbani, na kinapima pia kasi halisi ya kuandika. Kadi yenye alama ya V30 inayoandika kwa megabaiti 6 kwa sekunde haikidhi alama yake, mradi kisoma kadi na tundu la kompyuta si vya zamani.

Asiye na kompyuta anaweza kutumia simu yenye nafasi ya kadi:

1. Kuweka kadi na kuiandaa upya kwa kufomati.
2. Kunakili video na picha hadi kadi ijae kabisa. Faili zisiwe nakala za faili moja, kwa sababu kadi inayoandika juu ya data ya mwanzo inaweza kuonekana nzima ikiwa kila kitu kinafanana.
3. Kuzima simu, kutoa kadi na kuirudisha. Bila hatua hii simu inaweza kuonyesha picha kutoka katika kumbukumbu yake yenyewe.
4. Kufungua faili za mwanzo, za katikati na za mwisho, na kuzitazama hadi mwisho.

Kipimo hiki ni hafifu kuliko cha programu, lakini huwakamata wengi wa waongo.

Kadi mpya iliyofaulu hupewa namba au alama kwa kalamu, pamoja na tarehe. Wapigapicha wenye kadi nyingi huweza hivyo kujua ipi imeanza kuzeeka, na ipi iliwahi kuleta kosa.

== Matumizi na utunzaji ==

Kadi huandaliwa kwa kufomatiwa ndani ya kamera itakayotumika, si kwenye kompyuta. Kamera huunda folda ya DCIM na mpangilio inaoutegemea. Kadi za SDHC hutumia mfumo wa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kuzidi gigabaiti 4. Ndiyo sababu kamera nyingi hukata video ndefu vipandevipande. Kadi za SDXC hutumia exFAT, isiyo na kikomo hicho.

Kadi isitolewe, wala betri isichomolewe, wakati taa ya kuandika inawaka. Picha huweza kuharibika kwa haraka ya namna hii. Betri iliyokaribia kuisha nayo ni hatari, kwani kamera inaweza kuzimika katikati ya kuandika.

Katika miji na vijiji vingi vya Tanzania watu huingiziwa nyimbo na filamu kwenye kadi kwa malipo katika vibanda vyenye kompyuta. Kompyuta hizo hupokea kadi za watu wengi kwa siku, na virusi huhama kutoka kadi hadi kadi. Dalili inayojulikana ni folda kugeuka njia za mkato zisizofunguka; mara nyingi picha huwa bado zipo, zimefichwa tu. Kadi ya kazi isitumike kwa nyimbo, na isizunguke kati ya simu, redio na kamera.

Joto la gari lililofungwa juani, vumbi, jasho na hewa ya chumvi ya pwani huweza kuidhuru kadi. Kadi inakaa vizuri ndani ya kisanduku cha plastiki. Ikilowa, ikaushwe kabisa kabla ya kuwekwa kwenye kamera. Kiswichi kidogo cha pembeni mwa kadi ya SD huiambia kamera isiandike wala kufuta. Kamera inapogoma kupiga, kiswichi hicho ndicho cha kuangaliwa kwanza.

Hata kadi bora hufa. Kwa hiyo kuaminika kwa kazi hakutegemei kadi moja. Wapigapicha wa harusi hugawanya kazi katika kadi kadhaa za wastani badala ya moja kubwa, ili ikifa moja wasipoteze ibada na sherehe vyote. Kamera yenye matundu mawili huweza kuandika kila picha katika kadi mbili kwa pamoja. Kanuni inayofuatwa na wengi, iliyotangazwa na mpigapicha Mmarekani Peter Krogh, ni ya 3-2-1: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na nakala moja ikae mahali pengine. Kwa mpigapicha wa kawaida maana yake ni kwamba kadi haifutwi hadi picha zimenakiliwa kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje, na nakala hizo zimefunguliwa na kuonekana.

== Kuokoa picha zilizofutika ==

Kufuta picha, au kufomati kadi kwa njia ya kawaida, mara nyingi huondoa jina la faili katika orodha bila kuondoa data yenyewe. Picha inaweza kurudishwa mradi haijaandikwa juu yake. Hatua ya kwanza ni kuacha kabisa kupiga na kuitoa kadi. Hatua ya pili ni kuisoma kwa programu kama PhotoRec, programu huria ya Christophe Grenier, na kuhifadhi kinachopatikana kwenye diski nyingine, si katika kadi hiyohiyo.

Programu hizo haziwezi kuokoa kilichopita nafasi ya kweli ya kadi ya ukubwa wa uongo. Data iliyotupwa haikuandikwa popote. Fundi anayeahidi kuirudisha anaahidi kisichokuwepo.

Uwezo huohuo wa kurudisha ni hatari kwa anayeuza au kugawa kadi yake. Mnunuzi anaweza kufufua picha za familia au za wateja wa aliyemtangulia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inampa anayeshika taarifa za watu wajibu wa kuzilinda. Njia rahisi ni kujaza kadi yote kwa data isiyo na maana, kama inavyofanywa wakati wa kupima, kisha kuifomati.

== Sheria ==

Nchini Tanzania bidhaa bandia zimekatazwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo husimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC). Tume hiyo iliundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo pia inahusu ulinzi wa mlaji. Maofisa wake hukagua mizigo bandarini na madukani, na bidhaa zinazothibitika kuwa bandia huteketezwa. Kenya ilitunga Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia mwaka 2008.

Kwa simu, mamlaka zina njia ya ziada. Kila simu ina namba ya IMEI inayoonekana na mtandao, na mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia zilizokuwa zikitumika nchini. Kadi ya kumbukumbu haijiungi na mtandao wowote. Ina namba ya utambulisho ndani yake, lakini hakuna anayeisoma ila kifaa ilichowekwa. Hakuna mamlaka inayoweza kuizima kadi ya uongo kutoka mbali, wala kumjulisha mwenye nayo. Mlalamikaji anahitaji ushahidi wake mwenyewe: risiti, pakiti, kadi na matokeo ya kipimo.

== Tazama pia ==

* Kamera
* Kariakoo
* Gerezani
* Kompyuta
* Upigaji picha